Moyo uko mlimani, mfuko uko Texas

Shikamoo mama mshauri,

Naisoma safu yako siku nyingi ila leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika. Naomba jina langu lisitoke, maana jumuiya yetu huku tunajuana wote.

Mimi ni Mtanzania, nina miaka 38, mzaliwa wa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Nimeolewa na tuna watoto wawili, mkubwa ana miaka tisa na mdogo mitatu. Tunaishi Fort Worth, Texas. Mimi ni nesi, LVN, yaani nesi wa ngazi ya chini, bado sijafika RN, nesi kamili aliyesajiliwa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shifti tatu za usiku kwa wiki, naingia saa moja jioni natoka saa moja asubuhi. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu. Anaondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa usiku, mara nyingine Jumamosi.

Kwa maisha ya hapa hatujambo. Apatimenti ya vyumba viwili tunalipa dola 1,450 kwa mwezi. Mdogo anakwenda kituo cha watoto mchana ili mimi nilale, dola 900. Zile siku za shifti, mama mmoja Mkongo wa Uvira anayekaa chini yetu anapanda kulala na watoto. Namlipa kidogo, na kuna wiki anakataa hela kabisa, anataka tu nikipita duka la Waafrika nimletee unga wa muhogo. Tuna ibada ya Kiswahili, tuna chama, tukipata msiba watu wanafika kabla chai haijachemka. Mume wangu ana mpango wake: tubane miaka miwili zaidi, tuweke malipo ya awali, tununue nyumba huko pembezoni mwa mji, kwenye dola 320,000 hivi.

Shida yangu, mama, labda utaiona ni ya mtu aliyeshiba. Huku ni tambarare. Dirisha la jikoni kwangu linatazama maegesho ya magari na ukuta wa ghala la matairi. Kuanzia Juni joto linapanda hadi 38 na zaidi, watoto wanashinda ndani na kiyoyozi mpaka Septemba. Nikitoka kazini asubuhi naendesha barabara kuu, kushoto maduka, kulia maduka, nafika nalala. Kuna siku nahisi nimesahau kutazama mbali.

Julai iliyopita tulikwenda jimbo la Washington, Federal Way, kwenye ubarikio wa mtoto wa dada yangu, binti wa mama mkubwa. Asubuhi ya kwanza nilitoka kununua maziwa. Natoka dukani nainua macho, Mlima Rainier huo hapo juu ya paa la duka la dawa, mweupe mpaka mabegani. Nilisimama katikati ya maegesho nikalia, watu wanapita wananitazama. Mwanangu mkubwa akaniuliza, "Mama, ndiyo Kilimanjaro?" Mtoto huyu Kilimanjaro ameijua kwenye picha tu. Mimi mwenyewe sijafika nyumbani tangu 2019.

Siku ya pili tulipanda mpaka pale panapoitwa Paradise. Watoto walishika theluji ya Julai, maua kila mahali. Mdogo alilala kwenye gari na koni ya msonobari mkononi, akakataa kuiachia. Jua lilikuwa bado lipo saa tatu usiku.

Tangu tumerudi moyo wangu haujarudi. Nimetafuta kazi, kuna kituo Tacoma kiko tayari kunilipa dola 38 kwa saa, hapa napata 29. Ila kodi ya vyumba viwili huko ni kama dola 2,150, na vituo vya watoto nilivyopiga simu wanataka 1,600. Mume wangu nilipomwambia alijibu sentensi moja: "Mandhari hailiwi." Yeye ni mtu wa Singida. Anasema Texas haina kodi ya mapato na huko Magharibi kodi zitatumaliza. Anasema pia hataki kuendesha lori kwenye theluji. Tuligombana, sasa hatulizungumzi kabisa. Si mtu mbaya, ila mambo ya uzuri hayamgusi. Cha ajabu, akiwa New Mexico huko huwa anaegesha lori ananitumia picha ya jua linazama. Hasemi kitu, picha tu.

Mkataba wa nyumba unaisha mwisho wa Agosti na meneja anataka jibu siku 60 kabla. Dada yangu anasema njoo, utafikia kwangu. Je, ni haki kuwatoa watoto kwenye maisha waliyoyazoea, na kumtoa mume wangu kwenye mpango wake wa nyumba, kwa ajili ya mlima? Au ni ubinafsi wangu tu?

Mama wa wawili, Fort Worth

MAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako taratibu, na nataka nianze na hilo la kushiba. Wachagga wenzako walioko Dar es Salaam kila Desemba wanajaza barabara ya kwenda Moshi, nauli zimepanda, mafuta wanachangishana, wengine wanakopa, ili wakaamke wiki mbili chini ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na ndugu zao. Sijasikia mtu akiwaita wabinafsi. Binadamu aliyekua anafungua mlango wa jikoni asubuhi na mlima upo, kabla haujajifunika mawingu, hiyo ni sehemu ya malezi yake. Kuikosa kunauma, na maumivu yake hayahitaji kibali cha mtu.

Kwa hiyo sitakuuliza kama una haki ya kuutamani mlima. Nikikuelewa vizuri, unapima mambo mawili: upande mmoja jimbo linalokupa nafasi ya kupumua kifedha na watu wa kukushika mkono, lakini macho yako yana njaa, upande wa pili jimbo lililokushibisha macho kwa siku chache, lakini kodi ya nyumba huko inatisha. Katikati yupo mume ambaye hamzungumzi. Tukae na kila kimoja, na tuanze na hela, maana ndiko mlikogombania.

Hesabu yako ya juu juu inakwenda hivi. Tofauti ya dola 9 kwa saa, kwa shifti zako tatu, ni kama dola 1,400 kwa mwezi kabla ya makato. Ukishatoa kodi ya serikali kuu na michango ya pensheni na matibabu ya uzeeni (Social Security na Medicare), mkononi utabaki na kama 1,100. Kodi ya nyumba inakuongezea 700, kituo cha mtoto 700 nyingine. Unapungukiwa dola 300 hivi kila mwezi. Hilo peke yake si gharika. Familia nyingi zimebeba zaidi ya hapo, na mdogo wako akianza shule ya umma ile 1,600 itapungua sana.

Hapa mume wako ana jambo moja ambalo halijakaa sawa, na umwambie kwa upole. Washington nayo haikati kodi ya mapato ya jimbo kwenye mshahara wa nesi wala wa dereva. Mtakachokatwa ni michango miwili midogo, wa likizo ya uzazi na ugonjwa yenye malipo na wa matunzo ya uzeeni, jumla yake ni zaidi kidogo ya senti moja katika kila dola. Huo wa kwanza una faida: mtoto akizaliwa, au mzazi akiugua sana, unapata wiki kadhaa nyumbani huku unalipwa. Texas haina mpango wa namna hiyo. Kodi ya Washington utaikuta dukani, maana Tacoma na Seattle ukinunua kitu wanaongeza zaidi ya asilimia 10, ingawa vyakula vingi vya kupika nyumbani havitozwi. Na utaikuta kituo cha mafuta, ambako galoni moja kwa kawaida inazidi ya Texas kwa zaidi ya dola moja. Umeme wa jimbo lile, kwa upande mwingine, kwa sehemu kubwa unatoka kwenye mabwawa na kwa wastani bei yake iko chini, na ile bili ya kiyoyozi ya Agosti inayowakata pumzi Fort Worth huko haipo kwa ukubwa huo.

Lakini kuna mtu mmoja hayumo kabisa kwenye hesabu yako, mwanangu. Yule mama wa Uvira.

Umemtaja kwa mistari miwili ukapita. Mimi nimesimama hapo. Mume wako yuko barabarani siku tano, wewe unatoka saa moja jioni, na watoto wako wanalala na mtu mzima anayewapenda, kwa hela kidogo na unga wa muhogo. Ukifika Tacoma, nani analala nao? Vituo vya watoto jioni vinafungwa. Kima cha chini cha mshahara Washington mwaka huu wa 2026 ni dola 17.13 kwa saa. Shifti tatu za saa 12 ni saa 36. Ukimlipa mtu kihalali ni zaidi ya dola 600 kwa wiki, na hapo ongezeko lako lote la mshahara limekwisha, na mshahara wa mume wako umeguswa. Unaweza kuhamia kazi ya mchana ya saa nane kwa siku kwenye kliniki, Jumatatu hadi Ijumaa, ila uliza kwanza wanalipa ngapi, maana ile nyongeza ya usiku hutaipata. Na dada yako aliyesema njoo, muulize swali lenye tarehe na saa: yeye anaingia kazini lini? Yuko tayari watoto wako walale kwake siku tatu kila wiki, kwa miezi mingapi? Ndugu tunakaribishana kwa moyo mkunjufu wakati wa sherehe, na upendo huo ni wa kweli. Kubeba ratiba ya mtu mwingine Februari ni kazi tofauti, na ni bora mlizungumze mapema kabla halijawaumiza wote wawili.

Mpango wa mume wako nao tuutazame kwa jicho hilohilo. Dola 320,000 si bei kamili ya nyumba ile. Kodi ya majengo Texas ni miongoni mwa zilizo juu Marekani, ndiyo namna jimbo linavyojilipa kwa kutokutoza mshahara. Nyumba ya bei hiyo pembezoni mwa Fort Worth inaweza kudaiwa dola 5,000 au zaidi kwa mwaka hata baada ya punguzo la mwenye makazi. Juu yake kuna bima, na kaskazini mwa Texas mvua ya mawe inavyopiga mapaa kila masika, bima si ndogo. Na pembezoni maana yake ni mbali na mama wa Uvira. Sijui kama mmeliona hilo: hata mpango wa kubaki unawahamisha.

Sasa mlima wenyewe.

Uliuona Julai. Huo ni mwezi wa ukame kule, anga safi, jua linakawia mpaka saa tatu usiku. Kuanzia Oktoba mpaka Aprili mawingu yanashuka yanakaa. Mvua yake hata si ya kishindo, ni manyunyu ya siku nzima. Mwishoni mwa Desemba jua linachomoza karibu na saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na dakika ishirini hivi alasiri. Wewe unafanya kazi usiku na kulala mchana. Piga picha siku yako ya Desemba: unatoka kazini giza, unalala, unaamka giza. Wapo manesi wenzako kule wanaosema baridi haiwasumbui, kinachowaelemea ni ule ukijivu. Ukiwa mtu ambaye moyo wako unategemea mwanga na kutazama mbali, hili liweke juu kabisa, juu hata ya kodi.

Na wenyeji wa huko wana msemo, "mlima umetoka leo," kwa sababu siku nyingi haujatoka. Wewe mtu wa Marangu hili unalielewa kuliko mimi. Tofauti ni kwamba Kibo kikijifunika saa nne, kesho asubuhi unakitarajia. Rainier unaweza kupotea wiki nzima, ukarudi Jumanne moja ukiwa umejaza upande mzima wa kusini-mashariki, maana ingawa una mita 4,392 tu mbele ya 5,895 za Kilimanjaro, wewe unautazama ukiwa karibu na usawa wa bahari. Kuna wanaoishi nao hivyo kwa miaka na furaha yao haipungui, pengine hata inaongezeka. Sijui wewe ni wa kundi gani. Ninachojua ni kwamba siku chache za Julai haziwezi kukuambia.

Tazama pia mahali hasa utakapoishi. Apatimenti ya dola 2,150 Federal Way au Kent inaweza kuwa na dirisha linalotazama maegesho, kama la kwako sasa. Uzuri wa kule uko kwa wote barabarani, ufukweni na mbugani, ila dirisha lenye mlima linauzwa kwa bei yake. Paradise ni mwendo wa karibu saa mbili kutoka kwa dada yako, kiingilio dola 30 kwa gari, na majira ya baridi barabara ile inafungwa mara kwa mara kwa theluji. Ukikuta nyumba za nafuu upande wa Orting na bonde la Puyallup, zina mandhari nzuri kweli, lakini ujue kwamba Rainier ni volkano, na bonde lile limewekewa ving'ora vya kuonya tope la mlima likiporomoka. Watoto wa shule hufanya mazoezi ya kukimbilia juu. Agosti na Septemba, miaka mingine, moshi wa moto wa misitu unafunika kila kitu na watoto wanafungiwa ndani, vilevile kama unavyowafungia wewe kwa joto. Sikuelezi haya ili kukutisha. Texas nayo ina vimbunga vya ardhini, na ile baridi ya Februari 2021 iliyokata umeme mnaikumbuka wote. Nataka tu uweke majimbo mawili halisi mbele yako, kila moja na Januari yake na Agosti yake.

Nije kwa mume wako. Umeandika kwamba mambo ya uzuri hayamgusi. Halafu, mstari unaofuata, umeniambia anaegesha lori zito kando ya barabara New Mexico, mtu anayelipwa kwa maili, ili akupigie picha jua linapozama. Mwanangu, huyo si mtu asiyeguswa. Mtu wa Singida amekua na upeo mpana, mawe makubwa, anga inayoanzia miguuni. Huenda tambarare unayoiona wewe kuwa ukuta, yeye anaiona nyumbani, na alipokuambia mandhari hailiwi alikuwa na hofu ya kitu kingine. Nyumba anayoitaka, je, ni uwekezaji tu? Au ni mtu anayelala kwenye kibanda cha lori siku tano na anataka siku mbili zilizobaki awe na mlango wake mwenyewe? Mimi simjui. Wewe unaweza kumuuliza. Hofu yake ya theluji nayo si kisingizio: kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 1 Aprili malori Washington lazima yabebe minyororo ya matairi kwenye njia za milimani, na pale Snoqualmie dereva hujikuta anaifunga usiku, magoti kwenye barafu. Muulize pia kama kampuni yake ina kituo kule, au kuhama kwenu ni yeye kutafuta kazi upya. Sijaona hilo kwenye barua, na linaweza kuamua mambo mengi kuliko mlima.

Njia ulizonazo ni zaidi ya mbili.

Ipo ya kujaribu. Washington iliingia kwenye mkataba wa leseni za manesi za majimbo mengi mwaka 2023, na Texas imo tangu zamani, na mkataba huo unawahusu LVN pia, ambao huko huitwa LPN. Angalia kwenye Nursys, tovuti ya kuhakiki leseni za manesi, kama leseni yako ni ya majimbo mengi au ya Texas pekee. Ikiwa ni ya majimbo mengi, unaweza kuchukua mkataba wa muda, mara nyingi ni wiki 13, ukafanya kazi Tacoma bila kuhama. Ukihamisha makazi moja kwa moja, utatakiwa kuomba leseni ya Washington ndani ya siku 60. Kama utajaribu, jaribu Januari. Hatari yake ni watoto: wiki 13 wakiwa na nani, wapi? Na mkikaa mbali kipindi ambacho hamzungumzi vizuri, kimya kinaweza kuwa kirefu zaidi.

Ipo ya jimbo lilelile mji mwingine. Spokane, mashariki mwa Washington, kodi za nyumba ziko chini kuliko Tacoma, jua lipo zaidi, misonobari na maziwa yako karibu, na Wakongo waliopokelewa kama wakimbizi wapo. Lakini Rainier haupo pale, wala dada yako. Wengine huangalia Tennessee, Knoxville au Chattanooga: mshahara hautozwi kodi ya jimbo, leseni yako inatambulika, na milima ipo, ya chini, yenye misitu na ukungu. Itakukumbusha Usambara kuliko Marangu. Je, ni mlima wowote unaoutaka, au ni ule mweupe?

Swali hilo ndilo linanipeleka kwenye kitu ambacho sijui kama nina ruhusa ya kukisema. Hujafika nyumbani tangu 2019. Mtoto wako alipouliza "ndiyo Kilimanjaro?" ulikuwa unalia. Zile dola 300 za pengo kwa mwezi, kwa mwaka ni 3,600, ambazo zinakaribia nauli ya watu wawili kwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na kurudi. Huenda kinachokuita ni Rainier kwa uzuri wake mwenyewe. Huenda ni kihamba, lile shamba la ukoo, sauti ya mfereji nyuma ya migomba, na watu waliopo pale. Huenda ni vyote. Ukienda Marangu Desemba moja na watoto, ukarudi Fort Worth ukakuta njaa ya macho imetulia, utakuwa umejua kitu. Ukirudi ukakuta imezidi, hilo nalo ni jibu. Lakini nakiri kwamba safari moja kwa mwaka haitakusaidia Jumanne asubuhi ukitoka shifti, na wewe shida yako ni ya Jumanne.

Kwa ajili ya Jumanne hizo, hata kama mwishoni utahama, usisubiri. Milima ya Wichita, Oklahoma, ni kama saa tatu kwa gari kutoka kwako. Si Kibo, ni vilima vya mawe mekundu na nyati wa Kimarekani wakitembea, kuingia ni bure, na mawe yale mume wako wa Singida anaweza kukuambia anayafahamu. Mwende siku moja yeye akiwa abiria na wewe ukiendesha.

Kuhusu ubinafsi. Umepima mpango wa mumeo, maisha ya watoto, chama, ibada, halafu ukaweka matamanio yako mwishoni na kuyaombea radhi. Mbinafsi haandiki barua ya namna hiyo. Ila mtoto wa miaka tisa ana marafiki na ana maoni, na hujaniambia anasemaje. Aliyekamata theluji ya Julai anaweza kutaka kuhama kesho. Anaweza pia kumlilia bibi yake wa Uvira mwaka mzima. Muulize, na umweleze mapema kwamba maoni yake yatasikilizwa lakini uamuzi ni wa wazazi, asije akabeba mzigo usio wake.

Umesema meneja anataka jibu siku 60 kabla, yaani mwishoni mwa Juni. Msiamue maisha yenu kwa kukimbizana na tarehe hiyo. Kabla hujasaini mwaka mzima, muulize bei ya mkataba wa miezi sita au saba. Kwa kawaida ni ghali kidogo kwa mwezi, lakini utakufikisha Februari au Machi, na utakuwa umeipitisha baridi moja ya kujaribu, au Desemba moja ya Marangu, kabla ya kulipia kuhamisha vitu kwa kama maili 2,000. Omba bei hiyo kwa maandishi, karatasi hiyo uipige picha umtumie mume wako akiwa ameegesha, na umwombe Jumamosi hii mkae nayo mezani pamoja na hesabu hizi. Ukipata majibu yake, niandikie tena. Ningependa kusikia upande wake kwa maneno yake mwenyewe, akikubali.